Kumstiri si Kumwendekeza

Mchuma janga hula na wa kwao. Waliotunga methali hii walimwona mchumaji, wakawaona na walaji. Ambaye hawakumtaja ni yule mmoja wa nyumbani ambaye janga likiletwa yeye ndiye hulipokea mlangoni, akalichambua, akalipika, akalipakua, na jirani akibisha hodi akasema leo hatukuteleka. Tunaandika kwa ajili yake.

Hapa Mombasa mtu huyo aghalabu ni mama, lakini si lazima. Kuna dada mkubwa aliyeko Riyadh kwa kazi za nyumbani, anayetuma pesa kila mwisho wa mwezi akijua nusu yake itaishia maskani. Kuna mke anayempigia simu msimamizi wa mumewe kumwambia bwana ana homa, ilhali bwana amelala na mnazi wa jana kichwani. Kuna mzee mpole wa Majengo anayezunguka usiku akilipa madeni ya mwanawe, kisha akamwambia mkewe alichelewa msikitini. Hakuna kati yao mwenye nia mbaya. Wote wanasaidia, na katika kila nyumba kati ya hizo mambo yanazidi kuharibika.

Washauri nasaha huiita hali hii kodipendensi. Sisi tutasema utegemezi wa kufungana, kwa sababu ndivyo ulivyo: mmoja amefungwa na unga (yaani heroini), pombe, kamari au hasira zake, na wa pili amefungwa na huyo wa kwanza. Akiamka vibaya, siku ya mwenzake imeharibika. Akiwa mzima, mwenzake anapumua.

Neno lenyewe lina historia, na historia hiyo inasaidia kujua mahali pa kulitumia. Alcoholics Anonymous ilianzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935, kwa ajili ya walevi wanaotaka kuacha. Wake zao walikuwa na machungu yao, wakaanza kukutana peke yao, na mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa mmoja wa waanzilishi, akaunda na mwenzake Al-Anon, kwa ajili ya jamaa za walevi. Miaka ya 1970 wahudumu wa vituo vya matibabu vya Marekani walizidi kuona kwamba mlevi anatoka kituoni mzima, anarudi kwenye nyumba ileile yenye mazoea yaleyale, na baada ya muda mfupi yuko palepale. Hapo ndipo neno likashika. Mwaka 1986 kilianzishwa chama cha Co-Dependents Anonymous huko Phoenix, Arizona, na mwaka huohuo daktari wa akili Timmen Cermak akapendekeza hali hii iorodheshwe miongoni mwa maradhi ya akili. Haikuorodheshwa. Hadi leo haimo katika DSM-5 wala ICD-11, vitabu viwili ambavyo madaktari hutumia kutambua maradhi hayo.

Kwa hiyo si ugonjwa. Ni mazoea, na mazoea huvunjwa kwa mazoezi. Atakayekwambia una maradhi ya kodipendensi na akakuuzia chupa ya tembe, mshukuru, uende zako.

Sasa tazama mtambo wenyewe unavyozunguka, maana asiyeujua huishia kujilaumu bure. Ni saa nne za usiku. Kijana anataka shilingi 200. Mama anasema hapana. Kijana anapandisha sauti, majirani wanasikia, moyo wa mama unakwenda mbio, jasho linamtoka. Anatoa 200. Papo hapo kelele zinakoma, moyo unatulia. Utulivu ule ndio ujira wake. Hakutoa pesa kwa kuwa anaamini zitamfaa kijana. Alitoa ili kifua chake mwenyewe kitulie, nacho kikatulia kweli. Kitu kinachotuliza haraka namna hiyo hujifunza mwilini kama vile mwili wa mwanawe ulivyojifunza kete ya unga. Kesho yake atakasirika, keshokutwa ataona haya kwa kukasirika, na haya hiyo itamlainisha kwa ombi linalofuata. Shilingi 200 kwa siku ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka, na hapo hatujahesabu sufuria zilizouzwa.

Lililo baya kuliko kutoa kila siku ni kutoa mara moja moja. Mtu anayekataliwa kila mara hatimaye huacha kuomba. Anayepewa kila mara haoni haja ya kupiga kelele. Lakini anayekataliwa mara nne na kupewa ya tano amefundishwa kwamba kelele ya tano ndiyo yenye malipo, na wiki ijayo atakwenda hadi ya kumi. Mashine za kamari zimetengenezwa juu ya kanuni hiyohiyo. Ndiyo maana mzazi anayesema "mimi nimejaribu kumkatalia, haisaidii" mara nyingi anasema kweli: alikatalia kwa siku sita.

Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Stephen Karpman, aliichora hali hii kama pembetatu yenye nafasi tatu, mwokozi, mtesi na mwathiriwa, na akaonyesha kwamba watu hawakai kwenye pembe moja. Mama huyo wa saa nne ni mwokozi anapotoa pesa. Saa tano, kijana akirudi amelewa, mama anamtukana na kumwambia heri asingemzaa: sasa ni mtesi. Saa sita yuko kitandani analia kwamba ameonewa na dunia nzima, naye ni mwathiriwa. Usiku mmoja, pembe zote tatu. Anayetaka kutoka hatoki kwa kuhama pembe. Anatoka kwa kuacha kucheza.

Pwani, hata hivyo, hatuendekezani kwa hofu tu. Tuna stara. Tumelelewa kwamba aibu ya nduguyo ni yako, kwamba mwenye kumstiri mwenziwe naye hustiriwa, na kwamba aliyelitoa la nyumbani akalianika barazani hana malezi. Hilo ni jambo jema na hatupendekezi liachwe. Ila stara ina maana yake: ni kutomtangaza mtu, kutomfanya hadithi ya kahawani. Kumlipia madeni, kumdanganyia mwajiri, kuchukua mkopo wa simu kwa jina lako ili yeye asionekane ameshindwa, hayo si stara. Huko ni kuendekeza. Mstiri hufunika aibu. Mwendekezaji hufunika matokeo, na matokeo ndiyo mwalimu pekee ambaye mlevi bado anamsikiliza.

Wapo wanaohofia kwamba kukataa ni kukata udugu. Hapo inafaa kukumbuka Hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) aliyosema mtu amsaidie nduguye, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Masahaba wakauliza: tunamsaidia mwenye kudhulumiwa, je, dhalimu tunamsaidiaje? Akajibu kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Kijana anayeuza mtungi wa gesi wa mamake anadhulumu, na nafsi yake inaingia kwenye hesabu hiyo. Kumzuia ni kumsaidia. Kuunga udugu si kufungua mkoba.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima kwanza. Chukua daftari la shule, la shilingi chache, na kwa siku 7 andika kila msaada uliompa mtu huyo, mkubwa kwa mdogo. Chora safu nne: nilifanya nini, nani aliomba, ingekuwaje nisingefanya, nilijisikiaje saa moja baadaye. Usimwonyeshe mtu. Safu ya pili itakushangaza, maana mara nyingi hakuna aliyeomba. Ulimwamsha kazini bila kuombwa, ulimfulia, ulimtafutia shati, ulimpigia rafiki yake kuuliza yuko wapi. Safu ya tatu ndiyo yenye siri. Jibu likiwa "angelala njaa" au "angekosa dawa yake ya kifua kikuu", huo ni msaada. Likiwa "angegombana na bosi", "angeona haya", "angenikasirikia", ujue ulibeba mzigo wenye jina lake.

Halafu toa taarifa yako ya M-Pesa ya miezi 3 na kalamu mbili. Kwa rangi moja pigia mstari kilichokwenda kwenye chakula, matibabu na kodi ya nyumba. Kwa nyingine pigia madeni yake, "nauli" zisizojulikana ziendako, na pesa zilizotumwa baada ya saa mbili za usiku. Jumlisha rangi ya pili peke yake. Watu wengi hawajawahi kuiona namba hiyo, kwa kuwa huondoka mia mia.

Na hapa tuseme waziwazi ni nani asiyehusika. Kumlea mtoto mdogo, kumuuguza mzee asiyeweza kujigeuza, kumtunza mwenye maradhi ya akili aliyezidiwa, hizo ni haki zao kwako. Familia ya Kiswahili kuishi nyumba moja, kula sinia moja na kuchangiana harusi na msiba si maradhi, hata kama maandishi ya Kimarekani huandika kana kwamba kila mtu mzima angefaa kukaa peke yake na funguo zake. Swali la kuuliza ni moja tu: baada ya msaada wangu wa mwaka mzima, huyu anaweza zaidi au anaweza kidogo?

Ukishapima, chagua jambo moja. Moja tu, na liwe lile unaloliweza hata ukiwa umechoka. Wengi hujiharibia hapa: hukasirika Ijumaa, wakatangaza sheria kumi, na Jumapili zote zimevunjika, na kijana amejifunza kwamba maneno ya nyumba hii ni upepo. Jambo la kwanza linalofaa nyumba nyingi ni pesa taslimu. Chakula kipo, sabuni ipo, dawa itanunuliwa na kuletwa, kodi italipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, lakini noti haipiti mkononi.

Mpaka si amri unayompa mwenzako. "Usivute tena" si mpaka, kwa kuwa huna uwezo wa kuutimiza. Mpaka ni habari unayompa juu ya mikono yako wewe. Maneno yawe machache, yasemwe mara moja, kwa sauti ileile unayoulizia bei ya samaki: "Baba, chakula chako kipo kila siku. Pesa za mkononi sikupi tena, kuanzia leo." Akiuliza kwa nini, rudia hayohayo. Usiongeze sababu, maana kila sababu ni kamba ya kukuvutia kwenye mjadala, na yeye mjadala anauweza kuliko wewe. Hana kazi nyingine.

Saa ya kusema ina uzito wake. Anayetumia unga hasikii akiwa anasinzia, na hasikii akiwa na arosto, mwili unapomuuma na pua inamchuruzika. Kuna saa chache katikati, ametulia na macho yako wazi. Mlevi wa pombe mngoje asubuhi. Mcheza kamari usimkabili siku aliyoliwa. Hiyo ndiyo siku ya ahadi tamu kuliko zote na zisizo na thamani hata moja.

Kabla hujamwambia yeye, waambie wengine. Nyumba ya Mji wa Kale ina mabomba mengi: ukifunga lako, yupo bibi chumba cha nyuma, yupo halati Kibokoni, yupo ami mwenye duka. Bibi ndiye bomba linalovuja zaidi, kwa kuwa anapenda, na kwa kuwa hapati usingizi. Kaeni baada ya Alasiri, bila ya mhusika, mkubaliane jambo moja hilo hilo. Bibi msimnyang'anye kutoa. Mpeni cha kutoa. Yeye awe ndiye mwenye sahani ya jioni, ndiye wa kumwita ale. Mkimwambia tu asitoe, atatoa kwa siri na mtaanza kulaumiana ninyi kwa ninyi, jambo ambalo kijana ataligundua kabla yenu.

Kisha jiandaeni, kwa kuwa itazidi kabla ya kupungua. Mlango uliokuwa ukifunguliwa kwa kubishwa mara tatu, siku ukigoma utabishwa mara thelathini. Atalia, atatukana, atasema hapendwi yeye bali nduguye, atatoweka siku mbili, atarudi na kusema amepata kazi Mtwapa na anahitaji nauli tu. Watu wengi huacha hapa wakidhani njia imeshindwa, ilhali kishindo kile ndicho dalili kwamba inafanya kazi. Kipangieni kabla: vyombo vya thamani na bangili za dhahabu ziwe kwa jamaa, hati ya nyumba isikae kabatini, nambari ya siri ya M-Pesa ibadilishwe, na kitambulisho chako kisiwe mahali anapokifikia, asije akakopa kwa jina lako. Madeni ya kamari hasa yasilipwe kwa mkupuo. Familia inayomfutia mcheza kamari deni lote kwa siku moja imempa mtaji mpya. Mwache apange mwenyewe na wanaomdai, alipe kidogo kidogo, na wewe usimdhamini.

Lakini mpaka peke yake ni nusu ya kazi, na hii nusu ya pili ndiyo inayosahauliwa na wale wanaohubiri "mtupe nje atajifunza". Mwaka 1999 William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan walichapisha utafiti wa jamaa 130 wa watu wenye tatizo la pombe waliokuwa wamekataa matibabu. Kundi moja la jamaa lilielekezwa kwenye njia ya Al-Anon, ya kujitenga kimoyo. Jingine lilifundishwa kumkabili mlevi kwa kikao cha familia nzima. La tatu lilifundishwa njia ya Meyers, iitwayo CRAFT: kumpendeza mtu akiwa mzima na kujiondoa taratibu akiwa amelewa. Walioingia matibabu walikuwa asilimia 13, asilimia 30 na asilimia 64. Njia ya Al-Anon haikukusudiwa kumwingiza mtu kituoni, kwa hiyo tusiionee, lakini tofauti ya 30 na 64 inatosha kumfanya mtu afikiri kabla ya kuitisha wazee kumi kumzunguka kijana mmoja.

Kwa vitendo ni hivi. Akija mezani akili timamu, kaa naye, mpe kipande kizuri cha samaki, mcheke pamoja, muulize habari za mpira. Usitumie saa hiyo kumhesabia makosa, hata kama yamejaa kifuani. Ukifanya hivyo umemtoza faini kwa kuwa mzima. Akija amelewa, sahani yake iko imefunikwa, wewe inuka uende chumbani bila kubamiza mlango. Akitapika sebuleni, apanguse yeye asubuhi. Akikosa kazi kwa kulala, asikie mwenyewe sauti ya msimamizi wake. Nyumba nyingi hufanya kinyume: akilewa anapata kila mtu, maneno, machozi, wazee, akiwa mzima kila mtu yuko shughuli zake.

Na siku atakayosema "nimechoka" ikukute tayari. Dirisha hilo hufunguka kwa saa chache, pengine ni baada ya kuzidiwa au kufukuzwa mahali. Ukianza siku hiyo kuuliza kituo kiko wapi, litafungwa. Jua mapema. Kwa unga kuna methadoni, dawa ya kunywa inayoondoa arosto na hamu, na Kisauni kuna kliniki yake. Hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku, kwa hiyo nauli ya kila siku ndiyo kitu cha kupanga. MEWA na Reachout Centre Trust, mashirika ya kusaidia waraibu, wamefanya kazi hii mjini hapa kwa miaka mingi. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192, na hata wewe jamaa unaweza kupiga. Andika hayo kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa kabati, weka na nauli ya tuktuk.

Tunajua kinachomzuia mama usiku ni swali moja: akifa je? Si hofu ya kijinga, na haistahili kujibiwa kwa methali. Ijibiwe kwa ukweli. Shilingi 200 hazipunguzi hatari ya kufa, huilipia. Kinachopunguza ni methadoni, ni kutotumia peke yake mahali pamefungwa, na ni naloksoni, dawa inayozima nguvu za unga mwilini kwa muda. Dalili za kuzidiwa ni kupumua polepole mno au kwa kukoroma, midomo na kucha kugeuka buluu au kijivu, na kutoamka hata ukimsugua kifua kwa vifundo vya ngumi. Mlaze ubavu, mwite mtu, mkimbizeni hospitali, na hata akizinduka kwa naloksoni msiondoke, kwani inaweza kuisha nguvu kabla ya unga kuisha. Saa ya hatari kuliko zote ni mara ya kwanza anaporudia baada ya kukaa bila, akitoka jela, kituoni, au kufungiwa chumbani na jamaa. Mwili umesahau kipimo chake cha zamani, yeye hajasahau.

Juu ya kufungiwa chumbani: msifanye. Arosto ya unga huanza ndani ya siku ya kwanza, hukolea siku ya 2 na ya 3, hutulia ndani ya wiki moja hivi. Inatesa, na kutapika na kuharisha hukausha maji mwilini. Lakini mnywaji wa pombe wa kila siku akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa katika siku chache za mwanzo, na hilo huua. Huyo ni wa hospitali.

Kuna nyumba ambayo makala hii si yake kabisa. Ukipigwa, ukitishwa, ukinyang'anywa simu na mshahara, hapo usijiulize umemwendekeza wapi. Neno hili limelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwatwika wake makosa ya waume. Zaidi ya hayo, kumwekea mpaka mtu mkatili bila ulinzi huweza kuongeza hatari siku hiyohiyo. Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, ya mwaka 2015, ambayo inahesabu pia ukatili wa kipesa na inamruhusu mtu kuomba mahakamani amri ya kulindwa. Nambari ya bure ni 1195. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili. Mambo ya ndoa na talaka kwa Waislamu yapo kwa Kadhi, lakini kipigo si cha Kadhi peke yake.

Si lazima kuwe na kete wala chupa. Msichana aliyekua akisikiliza mlio wa viatu vya babake mlangoni, ili ajue leo atembee kwa vidole au acheke, atakuwa mke anayesoma uso wa mumewe kabla ya kujua yeye mwenyewe ana njaa. Vijana hufungana kwenye simu: alikuwa hewani saa nane usiku, amesoma hajajibu, na siku nzima ya kazi imekwenda. Dawa yake ni ndogo kuliko ya unga lakini ni jamii moja: chagua saa mbili kwa siku ambazo hutamtazama, anza na moja, uvumilie kifua kinavyochemka mpaka kishuke chenyewe. Kitashuka. Wengi hawajui, kwa sababu hawajawahi kungoja.

Muda huo unaobaki ujazwe na mtu, usijazwe na televisheni. Zamani mwanamke alikuwa na somo wake, aliyemfunda na kumsikiliza bila kupeleka neno kwa mavyaa. Tafuta mmoja wa namna hiyo, asiyehusika na kijana, asiyekudai, asiyeshangaa. Kama hayupo, mshauri nasaha anafaa, au kikao cha jamaa wa wagonjwa kwenye kituo anachotibiwa wako.

Kisha huja jambo ambalo halitarajiwi na mtu. Kijana anapona, na nyumba inaingia ugomvi. Mama hana wa kumngoja usiku, bado anaamka saa nane. Anamnusa nguo. Anamuulizia kwa rafiki zake. Kijana naye anaona haya, halafu anaona hasira, na kuna siku mmoja wao atasema maneno ambayo yanafanana na yale ya zamani. Watu hudhani amerudia. Mara nyingi ni mama aliyerudia.

Kwa hiyo rudisheni mambo kwa hatua, kwa tarehe, na yeye akijua tarehe hizo. Mwezi wa kwanza anakwenda sokoni na orodha na shilingi 500, anarudi na chenji. Wa pili analipa tokeni za stima kwa simu yake. Mshahara wake wa kwanza, kama umepatikana, aushike mwenyewe, na kiasi cha kuchangia nyumbani kikubaliwe kabla haujaingia. Ufunguo wa kabati la mama unaweza kungoja. Ule wa mlango wa mbele, mpeni mapema, na usiku anapoutumia msimwulize ni saa ngapi. Saa ipo ukutani, na yeye anaiona.